Nderema Yenye Maua ya Manjano

Mimi nimekula mboga ya nderema tangu sijaota meno, kwa hivyo msinifunze majani. Jani nililoliona mahali pa majimaji kando ya kijito, karibu na nyumba ya mwanangu Lawrence huku ng'ambo, Woolwich, lilikuwa nene, linang'aa, na umbo la moyo. Maua ya manjano yalinishtua kidogo, maana nderema ya kwetu Murang'a haina manjano. Nikasema, baridi hii ya Machi imebadilisha hata watu, sembuse mboga! Nikajaza mfuko. Majani mawili matatu nikatafuna papo hapo, mengine nikamtilia mdomoni mjukuu wangu Jane, wa miaka minne, aliyepewa jina langu.

Lorraine, mke wa Lawrence, alirudi kutoka kazini hospitalini akanikuta nachambua majani kwenye karai. Hata salamu hakunipa. Alichukua ua moja, akalipiga picha kwa simu, akasoma. Kisha akabeba karai lote akalimwaga kwenye pipa la taka.

"Mwaga tu," nikamwambia. "Si ndivyo mlivyofunzwa huku, kumwagia mama mkwe mboga?"

"Mama, hii ni sumu ikiwa mbichi. Jane amekula?"

Haki ya Mungu, niliogopa. Nikisema ndiyo, sitaachiwa mtoto huyu tena, na nilipanda ndege kwa ajili yake tu. Jane alikuwa ameketi sakafuni, anajifuta ulimi kwa mkono wa sweta.

"Hajaonja," nikasema.

"Una hakika?"

"Unaniita mwongo nyumbani kwa mwanangu?"

Akaanza kuosha karai. Jane akashika tumbo, akatapika kwenye zulia.

Mficha maradhi, kilio humuumbua, na mimi kilio sikukitaka. "Nilimpa mimi!" nikapiga kelele. "Mabichi, kwa mkono huu! Usinisamehe ukitaka, lakini piga simu!"

Lorraine akapiga, mtoto begani. Nilingoja matusi, na nilistahili. Aliyekuwa kwenye simu akauliza jambo, Lorraine akanigeukia macho yamemwiva, akanishika mkono kwa nguvu.

"Wanauliza kama kuna mwingine. Mama, na wewe ulikula?"

Nilikuwa sijajifikiria hata kidogo. Nikaitikia kwa kichwa, midomo inaniwasha.

"Wako wawili," akawaambia. "Mtoto wangu na mama yangu. Njooni haraka."