Mjane Mwenye Ungo

Mimi hasira zangu ziko karibu, anayenijua anajua. Lakini siku ile Xiaobei, ugenini kwa Wachina, mbele ya kontena, hasira iliniishia nikabaki na hofu tupu.

Tulikuwa Watanzania wanne tuliochangia kontena moja: mimi, Aloyce, Mildred, na Kassian aliyekuwa akipanga mizigo. Ilikuwa 1998, na peke yako hulijazi. Kassian akafungua sanduku langu aone kama kuna cha kuvunjika. Akarudi nyuma.

Ndani alikuwamo bibi kizee wa mbao: nywele timutimu, matiti yamelala, nguo nyeupe, hana hata shanga. Ameketi kwenye gari lisilo na farasi, bendera yake ina kunguru, na mkononi ameshika ungo.

"Huyo mwanga," alisema Mildred. "Nguo zangu hazisafiri naye."

Sikumlaumu. Kwetu nani asiyejua wanaosafiri kwa ungo? Hata mimi, jirani yangu Nirmalaben aliponionyesha picha ya bibi huyu kule Mwanza, nilitafuta rozari.

Nikawaeleza. Mungu wa kike wa Wahindu ana sura nyingi, na hii wengi hawaitaji: Dhumavati, mjane. Wake wenye waume humtazama kwa mbali. Ungo wake ni wa kupepetea, pumba ziende, punje ibaki. Wanaomkimbilia ni waliobaki peke yao, kama Nirmalaben.

"Nilipofiwa, mashemeji walisema nimemla ndugu yao," niliwaambia. "Kanisani watu walinihama benchi. Nirmalaben alikuja akakaa nami sakafuni. Sasa macho yake yamekwisha, picha haioni tena. Anataka wa kumpapasa."

Na nilivyogombana kwa ajili yake! Laoban, tajiri wa karakana iliyomchonga, kila nikirudi kamchonga shavu la kisichana na kumvika hereni, eti bibi apendeze. Bu yao, sitaki, namwambia kwa Kichina, mrudishie uzee wake.

"Tukate ungo na kunguru," alisema Kassian kwa upole. "Abaki bibi tu, apite."

"Nirmalaben akipapasa asikute ungo, nimwambie nini?"

Aloyce akakohoa. "Na mume wa huyo bibi alikufa na nini?"

Ningeweza kudanganya. Lakini nilishachoka kusema uongo kuhusu wajane.

"Bibi alishikwa na njaa, akammeza mumewe."

Basi, mambo yakaharibika. Aloyce akatikisa kichwa. Kassian akarudisha kifuniko, akalisukuma sanduku ukutani, mbali na mizigo. Nikalia, mtu mzima, mbele ya wapagazi, wala sikujali. Mama wa watu angenisubiri bure.

Mildred hakucheka. Kati yetu wanawake wawili yeye ndiye aliyekuwa na mume, Baba Kissa hivi, Baba Kissa vile, safari nzima. Alinisogelea, akasema polepole:

"Huyo anawapokea na wanaoficha?"

"Wanaoficha nini?"

"Baba Kissa nilimzika mwaka juzi, Rozina. Nasema yuko hai ili watu wasinikalie mbali."

Kassian alitazama viatu vyake. Mildred akapanda ndani ya kontena, akaanza kuvuta marobota yake mwenyewe huku na huku mpaka pakapatikana nafasi katikati ya nguo.

"Mleteni," alisema. "Nitasafiri naye."