Sanduku la Kuhamia

Mwaka 1966 Garissa ilikuwa mji wa vizuizi na kafyu, na mtu hakutoka humo ila kwa msafara wa malori yaliyosindikizwa na askari. Ndipo mwanafunzi wangu Korane akapata nafasi ya kwenda Uingereza kusomea udaktari wa mifugo, miaka mitano mfululizo. Mimi ndiye niliyemfundisha hesabu na sayansi, na habari hiyo niliitangaza kwa kila aliyetaka kunisikiliza na kwa wengi ambao hawakutaka.

Mama yake, Fatumo, alikuja shuleni kuniomba twende pamoja dukani kwa Abdille kumtafutia kijana kitu cha kubebea nguo. Alisema mimi mtu wa Nyeri nimesafiri sana, kwa hiyo lazima nijue masanduku. Nilikubali upesi. Watu wa Garissa hawakuwa na mazoea ya kuniomba ushauri.

Abdille alikuwa na vitu vitatu. Kulikuwa na sanduku la bati la rangi ya kijani, pana, lenye makomeo mawili. Kulikuwa na sutikesi ya kadibodi ngumu. Halafu kulikuwa na kibegi cha turubai, kama kile makarani wanachotilia soksi wakienda kulala Mwingi siku mbili.

Nilieleza kama niko darasani. Huko kuna baridi, kijana atahitaji koti, viatu vizito na vitabu. Sutikesi ingelowa mvua ya kwanza na kurudi kuwa karatasi. Sanduku la bati bei yake ni kubwa kidogo, lakini lingedumu kuliko sote watatu. Abdille alikubaliana nami kwa kila neno, lakini Abdille hukubaliana na yeyote anayesimama karibu na kitu cha bei kubwa zaidi.

Fatumo aligonga sanduku kwa kidole, akalisukuma kando. Sutikesi aliifungua, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko, akaifunga. Kisha akachukua kibegi.

Nilimwambia humo haliingii hata koti. Akasema koti atapewa hukohuko. Hapo nilipandwa na hasira, nikamuuliza kama mtoto anaenda Uingereza au anatumwa sukari.

Hakukasirika. Alinieleza polepole, kama mimi ndiye mwanafunzi mzito wa darasa. Kwao watu hutazama mzigo wako wakajua nia yako. Ukipita na mkeka wako wa kulalia na kibuyu chako cha maziwa juu ya ngamia, hakuna anayekuuliza, unahama. Ukipita na maji tu, umekwenda kuangalia malisho, na jioni utawekewa chakula. Mwanawe mkubwa, Barre, alitoka nyumbani mwaka juzi na mkeka wake begani. Mtaa mzima ulijua kwamba ameingia msituni kwa waasi kabla habari haijafika, na hajaonekana tena.

"Huyu nabeba kidogo," alisema kwa Kiswahili chake cha Kisomali. "Mkeka yake nabaki kwangu. Kibuyu yake nabaki kwangu. Mtu narudi bale kitu yake iko."

Alilipia kibegi, na Abdille akakifunga kwa gazeti kwa heshima kubwa.

Siku ya msafara abiria walipangwa mstari karibu na daraja. Sajini wa kizuizi, mtu wa bara kama mimi, alikuwa amepiga marufuku Kisomali mahali pale. Kila mtu aseme Kiswahili, yeye asikie. Alisoma karatasi za Korane moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa sawa, na hilo lilimuudhi. Ndipo akafungua kibegi. Mlikuwa na mashati mawili, suruali, sweta, msahafu na tende. Akauliza safari ni ya muda gani. Korane akajibu miaka mitano.

"Miaka mitano na mashati mawili," alisema sajini. "Mtu wa mzigo huu analala porini usiku mmoja, kesho yake ana bunduki."

Nilijitokeza kumtetea. Niliongea hata Kiingereza, na sasa naona hilo halikusaidia. Sajini alisema karatasi nzuri ameziona nyingi, na walimu waliodanganywa pia. Kama kijana kweli anakwenda, uletwe mzigo wa mtu anayekwenda, kabla malori hayajamaliza kupakiwa. La sivyo arudi nyumbani. Ndege isingemngoja, na nafasi ile angepewa mwingine.

Nilimgeukia Fatumo nikiwa na maneno yangu tayari mdomoni: si nilikwambia? Nilipomwona uso, niliyameza. Naye tayari alikuwa akielekea mjini.

Alirudi na lile sanduku la kijani la Abdille mgongoni, amelifunga kwa kamba, na wapagazi waliotaka kumsaidia aliwafukuza. Sajini akaamuru lifunguliwe. Ndani mlikuwa na blanketi, vitabu vya shule, nguo zake zote, hata viatu vya utotoni visivyomtosha tena. Kibuyu cha maziwa kilikuwa katikati. Juu ya vyote kulikuwa na mkeka, umekunjwa.

Sajini alitoa kimoja kimoja, akakirudisha. Kazi yake aliifanya vizuri, nakiri.

"Mama," aliuliza, "huyu anarudi lini?"

Fatumo aliutazama mkeka.

"Harudi," alisema. "Huyu nahama. Kwangu hakuna kitu yake tena."

Sajini aliridhika. Alipiga alama ya chaki juu ya kifuniko, akasema lipakiwe. Kwa watu wake Fatumo, siku ya kuhama mwanamke ndiye anayefunga mizigo, basi alikanyaga gurudumu, akapanda, akaanza kulifunga mwenyewe. Mimi nilisimama chini nikiwa na huzuni. Ubishi wa dukani nilikuwa nimeushinda, na ningetoa chochote niwe nimeshindwa.

Korane aliinama palepale juu ya lori mpaka uso wake ukakaribia wa mama yake. Alimwita mama kwa neno la kwao, ambalo sajini aliliacha lipite.

"Hooyo, nitarudi."

"Nyamaza," alisema Fatumo, akiendelea kukaza kamba. "Askari nasikia."