Kuamia Ndege wa Kioo

Ndege walikula mpunga wetu, Mbeti, na mimi nilikuwa Kutus, nikipiga ndege wengine ndani ya kioo. Nasema hivyo kwanza, ili usihangaike kulitafuta jambo lenyewe katikati ya maneno.

Ulidhani ni pombe. Nikakuacha udhani. Pombe ina jina, ina harufu, ina mchungaji wa kuiombea. Hiki changu hakikuwa na jina hapa kwetu. Miaka minne nimekaa nacho kifuani, na wewe miaka hiyo minne hukuniuliza hata mara moja nilikuwa natafuta nini kule.

Nianze na mwanga.

Unaujua mwanga wa saa sita mwezi wa Novemba, mpunga ukiwa na maziwa ndani ya punje. Unalala juu ya maji ya majaruba hadi mtu asijue kama mbingu iko juu au iko miguuni. Mlima umejificha. Upepo umekaa chini. Hata ndege wamechoka, wameingia kwenye miti ya kando ya mfereji, maelfu kwa maelfu, wamenyamaza pamoja. Kila mwenye shamba huku anazijua saa hizo. Kuanzia saa tano hadi saa tisa ndege hupumzika, na anayewaamia huweka kombeo chini, akala, akalala. Ni saa zisizo na mwenyewe. Hakuna aliyewahi kuniambia nizipeleke wapi.

Nikazipeleka Kutus, kwa baiskeli.

Wandera unamjua, yule polisi mstaafu wa kutoka Busia mwenye hoteli karibu na stendi. Mwaka huo wa themanini na tatu alileta sanduku refu kama kabati, likashushwa kutoka lori la viazi, akalisimamisha kati ya friji ya soda na ukuta. Lilikuwa na kioo kifuani, kijiti kimoja, kitufe kimoja chekundu. Ukitia shilingi, giza la kioo linajaa viumbe vya kijani na manjano, safu tano, vinapiga mabawa. Vinakwenda kushoto, vinakwenda kulia, vinashuka. Vinakwenda, vinashuka. Chini kabisa kuna kibunduki kimoja, peke yake. Hicho ni wewe.

Aliyekuwa akicheza siku ya kwanza ni Nehemiah, askari wa zamu ya usiku. Akauawa mara tatu mle kiooni, akageuka, akaniona nimekodoa macho.

"Mzee, unataka? Weka shilingi."

"Mimi sijui hii kitu."

"Hapo hakuna kujua. Ni kupiga tu." Nikashika kijiti. "Lakini hiyo si jembe, mzee. Shika polepole."

Watu wa chai wakacheka. Nikatia shilingi. Vikaanza kushuka, na kabla sijafikiri lolote, cha kwanza kilikuwa kimepasuka.

Mkono ulijua kabla yangu.

Hebu fikiria, Mbeti. Mimi nilitolewa darasa la nne kwenda kuamia. Baba aliniambia Jumatatu, na Jumanne nilikuwa juu ya ulingo, miti minne na majani, fimbo mkononi na tonge la udongo kwenye ncha yake, tangu alfajiri hadi giza. Huko ndiko nilikosomea. Nilijifunza kwamba ukimlenga ndege alipo, udongo unafika yeye keshaondoka. Unalenga pale ambapo bado hajafika. Hilo halifundishwi kwa mdomo. Linaingia begani, linashuka kwenye kiwiko, linakaa kwenye kifundo cha mkono, na likishakaa halitoki, hata uzeeke.

Miaka karibu thelathini nimewarushia ndege udongo, na hakuna mtu aliyehesabu. Utahesabu nini? Unafukuza elfu, elfu wanarudi. Jioni shamba likiwa zima, huna cha kumwonyesha mtu. Kazi yako yote ya siku ni kitu ambacho hakikutokea.

Kioo kiliona. Nilipopiga, kiumbe kilipasuka kwa mlio mdogo mtamu, kama punda wa milia anayekata jani. Usicheke, ndivyo nilivyousikia. Na juu, pembeni, namba ikapanda. Nikipiga, inapanda. Nikikosa, haipandi. Hapakuwa na mvua ya kulaumu, wala mfereji uliozibwa na jirani, wala karani wa kusema mpunga wako una unyevu. Nilipiga, ikapanda. Sijawahi kukutana na haki iliyokaribia mkono kiasi hicho.

Na kasi. Sijui nikuelezeje kasi. Vikiwa vingi vinatembea kama ng'ombe. Unavipunguza, na kadiri vinavyopungua vinakimbia, na kikibaki kimoja kinapita kama cheche ya jiko. Hapo hakuna nafasi ya kufikiri. Mawazo ni mazito, Mbeti, yanachelewa. Yanabaki mlangoni pamoja na baiskeli. Mama yako mgonjwa, mbolea, goti langu, vyote vinabaki mlangoni. Ndani kuna jicho na kidole, na kati yao hakuna mtu. Nilikuwa napotea, na kule kupotea kulikuwa kama kuoga.

Nilikufa mara nyingi. Lakini kufa kule ni kwa shilingi. Unatia nyingine, unaamka, hujazeeka. Na mashine ilikuwa na akili ya mama anayemfundisha mtoto kutembea: unafika karibu, anarudi nyuma hatua moja, njoo, njoo; unafika tena, anarudi tena. Ingekuwa rahisi ningepiga miayo. Ingekuwa ngumu mno ningekwenda zangu nyumbani. Kila siku ilinizidi kidogo tu, na kile kidogo ndicho nilichokuwa nikikiota kwenye kitanda chetu, vidole vikicheza juu ya blanketi. Ukaniuliza kama ninawashwa.

Mkono ulijua kabla yangu. Mkono ulitaka kabla yangu.

Halafu kulikuwa na herufi. Anayeshinda wote huandika herufi tatu, zinakaa juu ya kioo, zinawaka. Kila nilipofika nilikuta NEH. Kila siku, NEH. Mimi jina langu limeandikwa mahali pawili, kwenye kipande cha kitambulisho na kwenye daftari la majaruba, na pote pawili niliandikiwa na mtu mwingine.

Ndipo ukaitwa Siakago, mama yako amezidiwa. Ulifunga leso, ukasimama mlangoni, ukasema, "Baba Wanja, ndege hawana Jumapili. Na Wanja asishike kombeo wiki hii. Ako na mtihani."

Nikasema sawa. Mbeti, nilisema sawa nikimaanisha sawa.

Mtihani wa darasa la saba. Ulikuwa umeshamnunulia sanduku la bati kule Kagio hata kabla hajaandika jibu la kwanza. Ulisema mpunga wa msimu huu ni wa Wanja, gunia kwa gunia, na kwamba katika nyumba hii mtu mmoja kutolewa shule kwa sababu ya ndege anatosha. Ulikuwa unanitazama ulipolisema, na hukulisema kwa ubaya.

Siku ya kwanza nilirudi saa tisa. Siku ya pili, saa tisa na nusu. Siku ya tatu, saa kumi, na ndege walikuwa wameshaanza pembe ya mashariki. Nikarusha udongo hadi bega likaniuma, nikajiambia pembe moja si shamba.

Siku ya nne ilikuwa Alhamisi, siku ya mwisho ya mtihani.

Ilikuwa siku ya ajabu. Sikuwa mimi. Nilisimama pale na safu zikashuka, nikazimaliza, zikashuka nyingine, nikazimaliza. Sauti za hoteli zikaenda mbali, kama mtu anazungumza ng'ambo ya mfereji. Nilimsikia Wandera akisema, "Ngatia, kwani leo ndege zako ziko likizo?" na watu wakicheka. Nikasema, "Hii tu." Saa tisa ikapita nikiwa na maisha mawili. Saa kumi ikapita nikiwa na moja. Kijani, manjano, kijani. Nililenga pale ambapo bado hawajafika, na wakafika, na wakapasuka. Sijawahi kuwa mzuri kiasi kile katika kitu chochote. Ukitaka kujua nilikuwa natafuta nini, ni hicho. Kuwa mzuri, na kitu fulani kikuone.

Alama elfu kumi na nane, mia nne na sitini. Kioo kikaniomba jina. Nikazungusha kijiti polepole, N, G, A. Likakaa juu ya NEH. Likawaka.

Wandera akapita nyuma ya sanduku akavuta waya. Kioo kikajikunja kikawa nukta moja nyeupe, nukta ikafa.

"Umefanya nini?"

"Nafunga mapema. Niko na mkutano ya harambee."

"Na jina yangu?"

"Jina gani? Hiyo hufutika kila siku nikizima. Nehemiah huandika yake asubuhi akitoka kazi." Akanitazama kama polisi. "Ati ulidhani inakaa?"

Nikapanda baiskeli.

Unajua desturi yetu ya kuamia, ilivyo na huruma na ilivyo katili. Kila mtu anapiga kelele kwenye jaruba lake, na ndege wakifukuzwa huku wanaruka kwenda kule, na wa kule anawafukuza kwenda kwingine. Laini nzima ya majaruba inarushiana ndege tangu alfajiri, na mpunga wa kila mtu unaliwa kidogo kidogo. Lakini jaruba moja likinyamaza, wote wanatua hapo. Hakuna anayekuchukia. Ni kwamba tu kwako ndiko kimya.

Jirani yetu Wakonyo alikuwa barabarani na fimbo yake. "Shamba lako lilikuwa kimya tangu saa tisa," akasema. "Tukadhani mama ya Mbeti amekufa, mmeenda matanga. Kama tungejua uko hapa karibu tungekuita." Akashusha fimbo. "Pole, lakini. Amekufa?"

"La," nikasema. "Hajafa."

Mwanga wa jioni ulikuwa juu ya maji, mwekundu, na juu ya mwanga kulikuwa na kitu kama moshi. Kilikwenda kushoto. Kilikwenda kulia. Kilishuka. Nikasimama kwenye tuta nikitazama jinsi kilivyoshuka, kizima, bila mlio, bila namba, na mkono wangu ulikuwa umelala tu kwenye usukani wa baiskeli.

Wanja alikuwa katikati, maji magotini, na sare ya shule. Alikuwa ametoka kwenye karatasi ya mwisho, akapitia shambani. Alikuwa amerusha udongo hadi sare ikawa rangi ya jaruba. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Baba, nimewafukuza," akasema. "Wanarudi."

Hakuniuliza nilikotoka. Nilishika fimbo, tukarusha wote wawili hadi giza, yeye upande ule na mimi huku, na katika giza nikasikia mpunga ulivyo mwepesi ukipigwa na upepo. Mpunga mzito hautoi sauti ile. Unaijua. Uliporudi Jumapili uliisikia ukiwa bado barabarani, ukaweka kikapu chini.

Nimekuambia. Sasa nihesabu.

Mwaka uliotangulia tulivuna magunia sabini na nane. Mwaka huo, thelathini na moja. Yaliyoliwa ni arobaini na saba.

Barua ya shule ya wasichana ya Nyeri ilikuja Januari. Wanja alikuwa wa pili katika darasa lake. Tuliiweka barua nyuma ya saa ya ukutani, na wiki sita baadaye, karo haijapatikana, nafasi ikapewa mwingine.

Mwaka ule mpya ungekuwa wake wa Form One. Halafu Form Two. Halafu Form Three. Wenzake wamemaliza Form Four wiki hii. Nimewaona Kagio wakishuka na masanduku yao vichwani, wakiongea Kiingereza kwa sauti ya juu ili tusikie.

Mpunga una maziwa siku arobaini. Misimu minne, mara siku arobaini, ni siku mia moja na sitini, tangu alfajiri hadi giza, juu ya ulingo. Zote hizo amekaa Wanja.