Herufi Kumi na Tano

Naanza na kosa langu, asije mtu akanihurumia njiani bure. Mimi ndiye niliyemwambia mama aache kumchungulia mdogo wangu kila dakika tano.

Mdogo wangu tulimwita Radi. Jina alijipa mwenyewe, kwa ujeuri tu, maana ugonjwa wa misuli ulishamla kuanzia miguuni hadi shingoni ukambakizia macho, masikio, akili kali kuliko yangu, na kidole gumba cha mkono wa kulia. Sauti ilishapotea siku nyingi. Chini ya gumba hilo nilimfungia kitufe kidogo. Herufi zilipita kwenye skrini moja moja, na ikifika anayoitaka, anabonyeza. Herufi moja sekunde tano. Pamoja na hayo yote, sijapata kumshinda kwa kutaniana hata siku moja.

Kazi yangu ni kutengeneza seva za michezo ya maandishi. Usicheke. Hakuna picha wala mlio wa bunduki. Unaandika "nenda kaskazini", seva inakujibu kwamba umefika kwenye daraja bovu na mbele yako kuna mtu kashika panga. Mnakuwa mamia humo ndani, kila mmoja yuko kwao, mnapigana, mnaoana, mnasengenyana. Humo Radi alikuwa jitu lenye mabega mapana, mwizi wa farasi, na wanawake watatu walishagombana kwa ajili yake. Nje ya mchezo alilala chali kwenye chumba cha nyuma, karibu na ua, na mashine ya kuvuta makohozi ikiwa pembeni ya kitanda.

Mashine hiyo ndiyo iliyokuwa uhai wake. Makohozi yalimkaba ghafla, bila taarifa. Mama akiwahi, anapitisha mpira kooni, anavuta, kwisha habari. Zikipita dakika tatu, nne, basi tena. Kwa hiyo mama hakukaa, hakulala usingizi wa kueleweka, hakumaliza hata kufua shuka moja. Kila dakika tano yuko mlangoni: "Mwanangu, upo?" Radi anapepesa macho, yaani nipo. Miaka miwili hivyo. Mama alikonda mpaka magauni yakawa yanamning'inia.

Basi mimi mjuaji nikaleta dawa. Ndani ya mchezo nikamjengea Radi chumba chake, na ndani ya chumba nikaweka kengele. Akikikandamiza kitufe bila kukiachia haraka, kengele inapigwa, seva inapeleka habari kwenye simu ya mama na yangu, na simu zinapiga kelele za kuamsha mtaa mzima. Tulijaribu mara ishirini. Mara zote ishirini haikuzidi sekunde moja.

"Mama," nikamwambia, "sasa kaa. Fua nguo zako. Piga soga na majirani. Kengele itakuita."

"Na isiponiita?"

"Jamani mama! Hii si ndiyo kazi yangu?"

Alinitazama kidogo, kisha akaitia simu kwenye mfuko wa aproni. Toka siku hiyo ikawa inakaa humo.

Sasa lazima niieleze foleni, maana mambo yote yamo humo. Kwenye seva yetu kila kinachotokea ni tukio. Mtu kafungua mlango, tukio. Mtu kakatwa panga, tukio. Mtu kasalimia, tukio. Yote yanajipanga kwenye foleni moja, seva inayachukua kwa zamu na kuwapelekea wanaohusika. Hakuna mlango wa nyuma, hakuna mkubwa wala mdogo. Niliipenda foleni ile, na niliringa nayo mbele za watu.

Mwenzangu wa kazi, tunamwita Miwani, alinionya. Ofisi yetu ni chumba kimoja juu ya duka la fundi viatu, meza mbili, feni moja yenye kelele, na harufu ya gundi inayopanda toka chini kutwa nzima.

"Kengele ya mdogo wako ipe njia yake," alisema. "Isipange foleni na wezi wa farasi."

"Nikianza kupendelea ndugu leo, kesho utapendelea wako wewe. Tukio ni tukio."

"Hii si kupendelea ndugu. Hii ni pumzi ya mtu."

"Ni sekunde moja, Miwani! Hebu acha kunitia wasiwasi."

Akanyamaza. Miwani ni mwepesi wa kunyamaza, na siku hizi namchukia kwa hilo, ingawa najua simtendei haki.

Haukupita muda, wahuni wa mchezoni wakagundua raha ya kengele. Zilikuwapo nyingine, kwenye malango ya mji na nyumba za wageni, nao wakawa wanazigonga mara mia mfululizo, kukera watu tu. Nikapandwa na hasira. Nikaandika kanuni ya mistari minne: mtu akipiga kengele ileile kabla ile ya kwanza haijafikiwa, ya kwanza inafutwa, na mpya inakwenda mwisho wa foleni. Yaani msumbufu ajicheleweshe mwenyewe. Nilipomaliza nilicheka peke yangu, nikaenda kununua soda.

Kengele ya Radi ilikuwa kengele kama zile nyingine. Sikuikumbuka. Nimejiuliza mara elfu ilikuwaje, na jibu ni hilohilo, sikuikumbuka. Na foleni ikiwa fupi, kosa lenyewe halionekani, kwa sababu tukio linafikiwa kabla mtu hajabonyeza mara ya pili.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, jua kali. Makundi mawili ya mchezoni yalikuwa yameahidiana vita kwenye lile daraja bovu. Waliingia watu mia nne kwa mpigo. Foleni ikarefuka mpaka mtu akirusha mkuki sasa hivi, unafika baada ya dakika moja na nusu. Mimi na Miwani tulikuwa tunagongeana mikono, kwa sababu seva haikuanguka. Imechelewa tu, tukasema, watavumilia.

Saa nne na dakika kumi na nne simu yangu ikalia. Kengele. Sijapata hata viatu vyangu, mama akapiga. Nilisikia mashine ikivuta, inavuta, inavuta.

Alikuwa uani, anaanika shuka. Kutoka kwenye kamba ya nguo hadi kitandani kwa Radi ni hatua kumi. Nimezipima.

Tulimzika Jumatatu. Jumatano nilirudi ofisini kusoma kumbukumbu za seva, Miwani kasimama nyuma ya kiti changu, feni inapiga kelele zake. Radi alibonyeza mara ya kwanza saa nne na dakika kumi kamili. Angebonyeza hiyo moja tu akatulia, kengele ingelia dakika moja na nusu baadaye, na mama angemwahi. Lakini nani anayekabwa koo akabonyeza mara moja akatulia? Alibonyeza mara ishirini na sita. Kila alipobonyeza, seva ilimtoa alipofikia ikamrudisha nyuma kabisa ya watu wanaorushiana mikuki, na maagizo ya kufanya hivyo niliyaandika mimi.

"Funga hiyo," Miwani alisema. "Dada, funga."

Sikufunga. Saa nne na dakika kumi na mbili na nusu, Radi aliacha kuipiga kengele. Hapo ndipo niliposhindwa kujizuia, nikalia kwa sauti mpaka fundi viatu akaita toka chini kuuliza kuna nini. Kwa sababu Radi aliifahamu foleni yangu. Nusu ya makosa yake ni yeye aliyekuwa akiyagundua na kunisimanga nayo. Aling'amua. Akiwa anakabwa vile, alikaa akafikiri, akaona kinachotokea, akaacha kuikandamiza ili kengele ipate kufika. Na ikafika kweli, ila imechelewa.

Chini ya hapo palikuwa na mstari mmoja zaidi. Chumba cha Radi. Tukio: sema. Urefu: herufi kumi na tano, nafasi ikiwemo. Wengine waliomo chumbani: sifuri. Maneno: yametupwa.

Wakati anaingoja kengele, alikuwa anaandika.

"Yametupwa wapi?" Miwani aliuliza, ingawa anajua.

"Hayapo popote."

Hiyo nayo ni kanuni yangu. Mtu akisema kitu kwenye chumba kisicho na mtu mwingine, seva isijichoshe kuyabeba maneno yake. Ihifadhi urefu tu, kwa ajili ya hesabu za mzigo unaobebwa na seva. Nilisifiwa sana kwa kanuni ile.

Toka siku hiyo kazi yangu ni kuhesabu herufi. Natembea barabarani vidole vinacheza. "Mama nakuhitaji", kumi na tano. "Dada usijilaumu", kumi na tano. Hilo nililishika siku mbili nzima, nikala, nikaoga. Siku ya tatu, nikiwa napiga mswaki, likaja jingine lenyewe: "dada umechelewa". Nikalihesabu mara tatu, povu linanidondoka kwenye gauni. Kumi na tano.

Jioni ile nilimkuta mama kwenye kiti chake karibu na mlango wa ua, kapakata ile shuka. Simu bado ilikuwa mfukoni mwa aproni.

"Mwanangu," akasema, "nataka kukuuliza. Kengele ilipolia, mimi niliidondosha shuka, nikainama kuiokota. Sijui kwa nini niliinama. Shuka yenyewe ya nini? Unadhani ni pale ndipo nilipomchelewesha?"

Kanuni ya mistari minne mama haijui. Anadhani kengele ililia mara Radi alipobonyeza. Nilifungua mdomo nimwambie, wallahi nilifungua, yakatoka mengine.

"Hapana mama. Si pale."

"Hakuandika chochote? Yeye na maneno yake yale?"

"Aliandika."

Akageuka mwili mzima. "Aliandika nini?"

"Mama usijilaumu."

Nilikuwa nimeshayahesabu.

Mama aliyarudia maneno yale polepole, halafu akajifunika shuka usoni akalia kilio cha kushukuru, na mimi nimekaa pale nikimtazama akishukuru. Baadaye akajifuta.

"Na wewe je? Hakukutaja?"

"Nafasi haikutosha, mama."

"Aa, maskini. Angekutaja. Alikupenda sana."

Mara akainuka, akaenda mpaka kwenye chumba cha nyuma, akausukuma mlango kidogo.

"Mwanangu, upo?"

Alisimama kwa muda ule ambao Radi angetumia kupepesa macho. Akaurudisha mlango, akaja akakaa, akaikunja shuka magotini. Niliiangalia saa ya ukutani mpaka dakika tano zikatimia, naye akainuka tena, na safari hii sikumwambia akae.