Kinyago Kisicho Saizi ya Shangazi

Jumanne asubuhi mchoraji alimkuta shangazi yake, kwenye picha, amevua kinyago tena. Alikuwa amekilaza juu ya meza ya cherehani, anapinda upindo wa gauni, pini tatu mdomoni.

Shangazi, ambaye sasa alikuwa marehemu, alikuwa fundi wa nguo. Ndiye aliyemlea mchoraji, binti wa kaka yake. Mitindo aliichota kwenye majarida ya ng'ambo, akapunguza hapa, akaongeza pale, mpaka aliyeibuni asingeitambua. Kabla ya kufa aliomba kitu kimoja: sura yake itundikwe mahali watu wanapita. Mchoraji aliahidi.

Sasa mwenye jumba la sanaa, mgeni wa kutoka ng'ambo, mpole kupindukia, alikuwa ameitazama picha akakuna kidevu.

"Nzuri. Ila cherehani, miwani... Wateja wangu wanataka asili. Mwekee kinyago."

Maonyesho yalikuwa Jumamosi. Mchoraji alichora kinyago, roho ikimuuma.

"Shikamoo, shangazi. Kivae walau hadi Jumamosi."

Shangazi alitoa pini mdomoni, akakizungushia tepu yake ya kupimia. "Marahaba. Mwanangu, hiki si saizi yangu. Kinabana masikio, na miwani haikai. Alipimwa nani?"

Mchoraji alichukua brashi. Akachora kingine, kipana zaidi. Shangazi alikipima, akakisukuma nje ya fremu, kikaanguka sakafuni kikiwa kimegeuka kinyago halisi cha mti mkavu. Kufikia Ijumaa vilikuwa saba, na mchoraji alikuwa amesalimu amri. Sura aliiacha kama ilivyo.

Mwenye jumba alipovishika, macho yalimng'aa. "Hivi ndivyo!" Mchoraji alimweleza vilikotoka. Mwenye jumba aliandika yote kwenye daftari, akamshukuru shangazi kwa ushirikiano.

Jumamosi vinyago vilijaa ukumbini, chini yake kibao: "Fundi hajulikani." Picha iliwekwa stoo, imegeuzwa kutazama ukuta. Mchoraji aliponyoka kwenye hotuba, akaenda kuigeuza ielekee mlangoni.

"Watu wanapita?" shangazi aliuliza.

Wahudumu wawili waliingia, wakabeba viti vya akiba, wakatoka.

"Wanapita, shangazi."

Shangazi alitema pini, akafuta miwani kwa pindo la gauni, akaketi wima kutazamwa.