Sauti ya Mfalme Bwawani

Katika milki ya Matetewani, ambako maji ni mengi kuliko busara ya wanaoyatawala, palikuwa na desturi moja kongwe. Bata akiitwa kutoka bwawani, hatui papo hapo. Huzunguka juu kwanza, akatazama matete, akatazama maji, ndipo akashusha miguu. Hata aitwe na mamaye mzazi, atazunguka.

Mfalme Bata Bukini aliichukia desturi hiyo. "Mimi nikiita, mtu azunguke akitafuta nini?" aliuliza barazani. Basi ikapigwa marufuku: sauti ya Mfalme ikisikika, raia watue moja kwa moja, na anayezunguka ni msaliti. Makinda wakafundishwa hivyo kabla hata manyoya hayajaota.

Kisha Mfalme akapoteza sauti. Uzee, au makelele ya miaka yote ile, sijui. Kooni alibaki na mkwaruzo tu. Baraza halikuthubutu kuwaambia raia. Waziri Kwarara, ndege asiyekosa neno, akaenda kwa Mwindaji kumwomba achonge filimbi ya tete inayolia kama Mfalme. Mwindaji akaichonga bure, tena kwa heshima zote. Waziri akawa anaipuliza kila asubuhi, na raia wakashangilia afya ya Mfalme wao. Hakuna aliyemuuliza Mwindaji kama alichonga moja tu.

Msimu huohuo bata wakaanza kupotelea Bwawa la Mashariki, familia kwa familia. Bata Mjane, aliyempoteza mumewe huko akabaki na binti mmoja, Kinda, alikuja barazani.

"Mtukufu Mfalme," alisema, ameinamisha shingo, "siku ile mume wangu alipotua, mimi nilikuwa nyuma kwa sababu ya bawa bovu. Nilisikia sauti yako. Tulipogeuza mikia twende zetu, iliita. Tulipogeuka kuja, ikanyamaza. Sasa wewe, Mtukufu, lini uliwahi kunyamaza watu wanapokuja?"

Baraza zima lilitazama maji.

"Mama," alisema Waziri kwa upole, "asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Mume wangu alisikia, Mheshimiwa. Ndiyo maana leo sinaye."

Kwa jibu hilo wakampokonya Kinda, akalelewe miongoni mwa walinzi wa Mfalme asije akarithi mdomo wa mamaye. Mjane akawa hali, hanywi. Alichobaki nacho duniani kilikuwa kikiruka nyuma ya mkia wa Mfalme.

Siku ya kuzuru mipaka, Mfalme alitangulia, Waziri ubavuni, walinzi nyuma yao, raia wakafuata. Walipofika juu ya Bwawa la Mashariki, sauti ikaita kutoka chini, nzito, tamu. Ilikuwa sauti ya Mfalme.

Mfalme akamtazama Waziri. Filimbi ilikuwa inaning'inia shingoni mwa Waziri, chini ya manyoya, haijaguswa.

Alijua. Nasema alijua, na asinidanganye mtu kwamba hakujua. Lakini angezunguka, raia wangeuliza kwa nini anaiogopa sauti yake mwenyewe, na kila kitu kingefichuka. Hata angetaka kuwaonya, angewaonya kwa koo lipi?

"Mtukufu, zunguka," Mjane aliita kutoka nyuma. "Nakusihi. Kinda, mwanangu, zunguka."

Mfalme akashusha miguu. Kinda aligeuka akamtazama mamaye, kisha akamfuata Mfalme, kwani ndivyo alivyofundishwa. Matete yakafunguka, bunduki zikalia. Waziri Kwarara, nimesahau kusema, alikuwa ameshazunguka zamani.

Asubuhi ya pili sauti ikaita tena kutoka bwawani.

"Mnasikia?" Waziri aliwatangazia raia. "Mfalme wetu yu mzima."

Raia wakatazamana. Mjane akaruka, macho yamevimba kwa kulia, akaanza kuzunguka juu ya maji peke yake, msaliti mchana kweupe. Baadhi wakaenda kuzunguka naye. Wengine walikuwa wameshashusha miguu.