Mbele ya Bampa

Tusekile alikuwa ameshachuchumaa nyuma ya rundo la milango mibovu ya magari kabla hajajua kwamba amekimbia. Honi ndiyo iliyomkimbiza. Aliisikia kwenye kona ya chini, honi moja ndefu, na mwili wake ukafanya kile ulichozoea kufanya tangu aolewe: ukatafuta pa kujificha.

Ilikuwa honi ya baba mkwe wake, Mzee Ambindwile. Kwa Wanyakyusa wanaoshika desturi, mkamwana na baba mkwe wake hawaonani. Hawasalimiani, hawaketi chumba kimoja, na wakikutana njiani mwanamke huingia migombani, akageuza mgongo na kufunika kichwa mpaka mzee apite. Hata jina lake halitamki. Mjini Tukuyu wengi walikuwa wameilegeza desturi hiyo, lakini huko Kisondela, kwa kina Hosea mume wake, ilikuwa bado imekaza.

Tusekile hakuwahi kuilalamikia, pamoja na ualimu wake wa chuo. Alikuwa na haya mno. Darasani alizungumza na ubao kuliko alivyozungumza na wanafunzi, na kwake ilikuwa nafuu kuwa na angalau mtu mmoja ambaye hakulazimika kumtafutia maneno. Tena mzee mwenyewe alikuwa mpole katika jambo hilo. Tangu anunue Landirova, kila alipokaribia nyumba ya mwanawe alipiga honi kwenye kona ya mikaratusi, mkamwana apate muda wa kuacha njia. Yeye hupiga, naye Tusekile huondoka. Hawakuwa na mazungumzo mengine zaidi ya hayo.

Asubuhi hiyo ya Jumamosi hakutegemea kuisikia. Alikuja mjini, kwenye uwanja wa gereji ya Fundi Tamimu, na ujumbe wa Hosea, aliyekuwa kazini Mbeya. Mzee alikuwa aje mchana kuchagua bampa, na Hosea aliomba fundi amshawishi achukue jepesi. Tusekile alikuwa ndiyo kwanza amemaliza salamu. Ujumbe bado ulikuwa mdomoni.

Ilikuwa miaka ile ambayo bidhaa za nje zilianza kumiminika na mashirika ya umma yakawa yanauza magari yake mnadani. Mtu aliyekuwa na shamba la ndizi na ng'ombe wachache aliweza kuamka siku moja na gari la kupanda milima. Ila gari la mnadani lilifanana na magari mengine yote ya mnadani, kwa hiyo kila mmoja alilitafutia lake uso wake mwenyewe, na uso wa gari ni bampa. Mnunuzi mmoja wa viazi kutoka Isongole alikuwa amefunga lenye pembe mbili na taa nne. Mzee Ambindwile aliliona siku ya soko, na mkewe alisimulia kwamba hakula vizuri hadi usiku.

Landirova iliingia, ikageuka, ikasimama hatua chache tu kutoka pale alipojificha Tusekile, pua ikielekea getini. Alivuta khanga kichwani, akajikunyata zaidi. Kupitia pengo kati ya mlango na mlango aliona matairi, kisha, mzee aliposhuka na kuacha mlango wazi, akaona kandambili ndogo za rangi ya waridi zikining'inia kutoka kiti cha mbele. Alizijua. Binti yake Tupokigwe alilala kwa babu yake jana, na sasa alikuwa amekuja naye mjini.

Tamimu, ambaye babu yake alikuja toka pwani na biashara ya vitambaa, aliwajua Wanyakyusa vya kutosha. Alitupa jicho moja kwenye rundo la milango, akaelewa, akamwongoza mzee upande wa pili kama mtu asiye na habari.

Mabampa mawili yalikuwa yameegemezwa ukutani. La kwanza lilikuwa la mabomba membamba, jeusi la kung'aa, kutoka Dubai. La pili Tamimu alilitengeneza mwenyewe kwa chuma kinene cha mtambo wa zamani wa barabara, lina pembe mbili na kitako cha kufungia winchi ya kulivuta gari likinasa. Kulinyanyua kulihitaji wanaume wanne.

"Chukua hili la Dubai, mzee," Tamimu alisema. "Limekaa melini kuliko mimi nilivyokaa shule."

"Hilo si bampa. Hiyo ni baiskeli."

"Unataka kupigana na ng'ombe?"

"Nataka kupigana na barabara. Wewe uliniona nilivyovutwa na trekta mwezi ule? Watoto walishangilia."

Tamimu akacheka, akajaribu tena kidogo, akaeleza habari za uzito na springi za mbele. Lakini lile zito lilikuwa kazi ya mikono yake, na fundi gani atamkatalia mteja anayesifu kazi yake? Mzee alisema afungiwe papo hapo. Kwaya ya Kisondela ilikuwa inamsubiri barabarani, awapeleke Isongole kwenye mkutano wa injili. Alitaka wapande gari lililokamilika.

Basi Tusekile akabaki pale pale kwenye tope. Miguu ilikufa ganzi, ikazinduka kwa kuchoma, ikafa tena. Vijana wa Tamimu walileta bampa, wakaligombeza likae, wakatoboa, wakachomelea vishikio viwili kwa sababu matundu hayakulingana. Cheche ziliruka chini ya gari. Yeye hakuwa na kitu kingine cha kuangalia isipokuwa tumbo la gari lile, kwa kuwa lilikuwa sawasawa na macho yake. Aliyesimama angeona boneti na taa. Yeye aliona matope makavu, mabomba, na ile mihimili miwili ya chasisi inayobeba kila kitu.

Walipoliachia bampa lijishikilie lenyewe, pua ya Landirova ilishuka. Vumbi la kutu likamwagika chini, upande wa dereva.

Akaangalia hapo. Kwenye mhimili, palipofungwa lile sanduku la chuma linalopokea usukani na kugeuza magurudumu, palikuwa na mstari. Alidhani ni mkwaruzo. Kisha mzee akapanda, akazungusha usukani kulia na kushoto kujaribu kama tairi linagusa bampa, na ule mstari ukafunguka. Ukafumba. Ukafunguka tena, mpana kiasi cha kuingiza kidole, na sanduku zima la usukani likainama na kuinuka pamoja na kipande cha chasisi kilicholishika.

Hakujua magari. Lakini alijua mteremko wa kwenda Kisondela, kona zake na korongo lake, na alijua watu wanavyojazana nyuma ya ile Landirova wakiimba.

Tamimu alikuwa amesimama mbele, jicho moja amelifumba, anapima kama bampa limekaa sawa.

Tusekile akaokota kokoto, akairusha. Iligonga dumu tupu. Tamimu akageuka, akamwona akimpungia mkono, na kwa heshima yake yote akaelewa vibaya. Alidhani mwalimu amechoka kujificha. Akampa ishara ya kiganja, subiri kidogo, anaondoka sasa hivi, kisha akahamia upande wa dereva na kusimama dirishani ili mzee asije akageuza macho huku nyuma. Akaanza kumharakisha. Akamwambia kwaya isije ikakata tamaa, maliza safari, hesabu tutazungumza Jumatatu.

Tusekile alifungua mdomo. Injini ikawaka. Sauti yake, ambayo haikuwahi kufika dawati la mwisho darasani, haikufika popote. Aliita jina la mtoto, na hata yeye mwenyewe hakulisikia.

Nyuma ya rundo la milango palikuwa na upenyo kwenye uzio wa mabati. Alipita hapo kwa mikono na magoti, bati likachana sketi, akatokea nje ya uzio na kukimbia kwa miguu isiyomtii mpaka getini. Landirova ilikuwa inakuja taratibu. Getini palikuwa pembamba, gari moja tu ndilo lililoweza kupita.

Aliingia katikati ya nguzo mbili za geti. Akageuza mgongo, akafunika kichwa kwa khanga, akasimama.

Honi ikalia. Kwa miaka yote honi ile ilimaanisha neno moja tu, na mwili wake ulilifahamu neno hilo. Magoti yaliomba yakimbie. Akayakatalia. Honi ikalia mara ya pili, ndefu, ya kukasirika, halafu akasikia kokoto zikisagika, karibu, karibu zaidi, na kitu baridi, kipana, kikamgusa nyuma ya magoti. Akayumba mbele. Hakusogea.

Breki zikalia. Injini ikakohoa, ikazimika.

"Mama," alisema Tupokigwe kutoka ndani ya gari, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama aliyekutana naye dukani.

Kiti kikalia. Tusekile alijua bila kuona kwamba mzee amejigeuza kwenye kiti na kuupa usukani kisogo. Kisha mzee akamwita fundi, ambaye alikuwa anakuja mbio huku anafuta mikono.

"Fundi. Kuna mtu mbele ya gari langu. Muulize anataka nini."

"Mwalimu," alisema Tamimu, "mzee anauliza..."

"Mwambie mwenye gari asiende," alisema Tusekile, akiielekea barabara tupu. Alishangaa jinsi maneno yalivyotoka. "Chuma kinachoshika sanduku la usukani kimekatika. Kinafunguka na kufumba."

"Mzee, anasema kwamba..."

"Nimesikia. Muulize ameonea wapi."

"Mwambie nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya ile milango. Tangu alipofika. Ukiwa chini kiasi kile unaona."

Hilo Tamimu hakulifikisha. Tusekile alihisi uso ukimuwaka chini ya khanga. Sasa mzee alikuwa amejua kwamba muda wote ule alipokuwa anazungumza habari za ng'ombe na baiskeli, mkamwana wake alikuwa kwenye matope, kwa ajili yake.

"Mzee, gari hili nililikagua juzi," Tamimu alianza. "Pengine mwalimu ameona..."

"Lala chini uangalie."

"Kwanza amshushe mtoto," alisema Tusekile. "Fundi, tafadhali. Mwambie amshushe mtoto kwanza."

Mlango ukafunguliwa. Kandambili zikapiga chini, zikazunguka bampa, na mkono mdogo wenye mafuta ya andazi ukamshika sketi. Alimvuta, akamweka mbele yake, bado hakugeuka.

Tamimu aliingia chini ya gari na bisibisi. Akaomba usukani uzungushwe kidogo. Ukazungushwa, na wote wakaisikia sauti sasa kwa kuwa injini ilikuwa imezima: tki, na tena, tki. Kisha bisibisi ikazama na sauti ya kitu kinachopenya kwenye mkate mkavu.

"Astaghfirullah," alisema fundi kutoka chini.

Alipotoka, hakuwa na utani tena. Alisema kutu ilikuwa imeanza siku nyingi, imefichwa na rangi ya mnadani. Gari lingeendelea kujivuta, pengine mwaka mzima. Lakini bampa lile, bampa lake yeye, lilikuwa limemalizia. Kona ya kwanza ya mteremko usukani ungekuwa unazunguka bure mikononi. Akaomba msamaha. Mzee alishuka kwa mlango wa pili, akasimama nyuma ya gari, geti akilipa mgongo. Walikuwa wamesimama hivyo, migongo kwa migongo, bampa katikati.

"Chomelea chasisi kwanza," mzee alisema hatimaye. "Iimarishwe ndani na nje. Halafu toa hilo."

"Nifunge lipi?"

Mzee akafikiri.

"Muulize huyo."

Tamimu akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alionekana hajui aweke wapi mikono. "Mwalimu, unaulizwa wewe."

Tusekile hakuwa ametegemea kuulizwa. Alikuwa na ujumbe wa Hosea tayari, wenye sababu za uzito na springi, angeweza kuutoa sasa ukamfaa. Lakini nyuma ya magoti bado palikuwa na ubaridi.

"La Dubai," alisema. "Hilo zito limenigusa. Sitaki limguse mtu mwingine."

"Ndaga fijo," mzee alisema taratibu, akashukuru kwa lugha ya nyumbani, na haikufahamika anamshukuru nani. Kisha kwa sauti ya kawaida: "Basi nifungie baiskeli yangu, fundi. Mimi nakwenda kuwaambia kwaya watafute gari jingine."

Aliondoka kwa upenyo ule ule wa mabati ili asipite getini, mzee mrefu akijikunja, koti likanasa, akalinasua.

Tusekile alisubiri. Alimfuta Tupokigwe mdomo, akaosha tope miguuni kwenye pipa la Tamimu, akaichunguza sketi iliyochanika. Njia ya kwenda nyumbani ilikuwa moja, ile ya mzee. Alianza kuteremka polepole, mtoto mkononi, akiogopa kila kona kwamba atamkuta.

Kwenye kona ya kwanza, kabla hawajafika, alisikia mtu akikohoa kwa nguvu huko mbele, ng'ambo ya migomba. Alisimama. Baadaye kidogo kikohozi kikasikika tena, mbali zaidi, kwenye kona ya pili. Wakaendelea.

"Babu anaumwa?" Tupokigwe aliuliza.

"Haumwi."

"Mbona anakohoa?"

"Leo hana honi," alisema Tusekile. Wakasubiri pembeni mwa njia, mpaka alipokohoa tena, ndipo wakashuka.